Vistari vya Profesa

Daktari mmoja alirudi shule akiwa na miaka thelathini na tisa na mvi tatu, zote akizijua zilipo. Tayari alikuwa bingwa wa magonjwa ya akili ya watu wazima. Miaka tisa alikaa nyuma ya meza yake, wagonjwa wakakaa mbele, wakasema, naye akaandika. Halafu akaamua kusomea ubingwa wa watoto na vijana, miaka miwili mingine, kwa hoja kwamba kila mtu mzima aliyemtibu aliwahi kuwa mtoto, na laiti angemuwahi. Kwenye usaili hoja ile ilipendwa. Hakuna aliyemwonya kwamba mtoto hakai mbele ya meza.

Mtoto hukaa chini. Chumba cha kuchezea kilikuwa na zulia lililochorwa barabara, nyumba ya midoli isiyo na mlango, na viti vyekundu vya plastiki vya kimo cha ndoo. Siku ya kwanza daktari alikikalia kimoja, na alipoinuka kumuaga mzazi, kiti nacho kikainuka. Akatembea nacho hatua mbili kabla ya kutambua kuwa hayuko peke yake. Tangu siku hiyo akawa wa zuliani, goti likilalamika kama mlango wa stoo.

Lakini ya goti yalikuwa madogo. Tatizo kubwa lilikuwa mdomo. Nduguze walimwita Kasuku tangu hajang'oa jino la kwanza, na mumewe, fundi wa majokofu asiyependa maneno mengi, husema alimwoa kwa sababu karakana ilikuwa kimya mno. Kasuku hakuchukia jina. Aliamini kuuliza ndiyo kazi yake, na kwamba amebahatika kulipwa kwa kitu ambacho angekifanya bure.

Ndipo akaletewa binti wa fundi cherehani.

Mtoto alikuwa na miaka minane. Nyumbani aliongea mpaka akaombwa apumzike, ila akishavuka kizingiti, mdomo ulifungwa. Shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kusikia sauti yake. Mwalimu mkuu alitaka barua ya daktari kabla shule haijafungwa, ieleze kwamba matibabu yanasonga mbele; la sivyo, mtoto atarudia darasa. Wiki tano mfululizo, kila Jumanne, mama alifunga cherehani asubuhi na kumleta. Kwa wiki tano Kasuku hakuwa na la kuandika.

Baada ya mara ya tano, mama alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni, akasema kwa upole kabisa, "Daktari, wewe unaongea vizuri. Lakini niliyemleta aongee si wewe." Akaongeza kwamba Jumanne inayofuata watakuja, na kama hakuna kitu, basi.

Sasa, ukutani mwa chumba kile kulikuwa na kioo ambacho kwa ndani unajitazama, na kwa nyuma yake mtu anakutazama wewe. Nyuma yake alikaa Profesa, mama mfupi aliyewalea madaktari wengi katika fani ile, akiwa na karatasi. Kila Kasuku alipouliza swali, Profesa alichora kistari upande wa kushoto. Kila mtoto aliposema neno, kistari upande wa kulia. Siku ile kushoto kulikuwa na vistari themanini na kimoja. Kulia kulikuwa kweupe.

Kasuku alijitetea kwamba alimwachia mtoto nafasi.

"Nafasi ndefu kuliko zote ilikuwa sekunde nne," akasema Profesa. "Na ya tano ikakukuta unamuuliza kama anapenda ukimya. Mwanangu, yule hakatai kukujibu. Anaogopa. Kila unapouliza, unamwongezea hofu. Jumanne usimuulize kitu. Cheza naye tu."

Kasuku akapanga kufanya mazoezi ya kunyamaza wiki nzima. Jioni ya kwanza, mezani, alifikisha dakika tatu. Mumewe aliweka kijiko chini akamtaka amwambie kwa utaratibu tu, nani amefariki. Kasuku akamuuliza kama ameona alivyokuwa kimya. Mazoezi yakaishia hapo.

Jumanne ikafika. Profesa alimkaribisha fundi cherehani nyuma ya kioo, wakakaa bega kwa bega. Kasuku akaingia na ubao wa ludo, akaketi zuliani, akabana midomo. Mtoto akachagua kete za kijani. Wakaanza.

Robo saa ya kwanza ilikuwa mateso. Maswali yalimpanda kooni kama kwikwi, akiyameza moja baada ya jingine. Halafu yakakoma yenyewe, na sababu haikuwa nzuri. Kasuku alikuwa amesahau kazi. Alizaliwa wa nne kati ya watoto sita, katika nyumba ambayo ludo haikuwa mchezo, na sasa mtoto wa miaka minane alikuwa ameshaingiza kete tatu nyumbani, ya nne iko njiani, naye bingwa wa magonjwa ya akili hajaingiza hata moja.

Ile kete ya nne ya mtoto ilisimama hatua tano mbele ya kete yake. Kasuku akarusha dadu. Likaanguka nne.

Mkono wake, mkono ulioapishwa kiapo cha udaktari, ukasogeza kete hatua tano. Ukaila ya mtoto, ukairudisha mwanzo. Hakupanga. Ulikwenda wenyewe, kama zamani akiwa na kaka zake.

Mtoto akatazama dadu. Akatazama kete. Kisha akamtazama daktari usoni, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Nne," akasema.

Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, ila haikuwa na shaka. Nyuma ya kioo kiti kilisukumwa kwa nguvu, mama amesimama. Na Kasuku, ah, yote aliyowahi kusoma yalimjaa mdomoni kwa wakati mmoja: hongera, umesema, unajisikiaje, unaweza kurudia? Alijua akitoa hata moja, mtoto atarudi ndani na kufunga. Akaukazia macho ubao. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na moja, na kila namba ilikuwa nzito kuliko mtihani wowote aliowahi kufanya.

"Kweli," akasema mwishowe. "Ni nne." Akairudisha kete yake nyuma hatua moja, na ya mtoto akaiweka ilipokuwa.

"Umeiba."

"Nimeiba. Zamu yako."

Mtoto akarusha, akatangaza "sita" kabla dadu halijatulia vizuri, na mizunguko miwili baadaye akawa ameshinda. Kasuku alishindwa akiwa na kete nne nje. Iliuma kidogo, tusidanganyane.

Kwenye korido Profesa alimwonyesha karatasi. Kushoto kweupe, kulia vistari vitatu. Akataka kujua jambo moja kwa ajili ya tathmini yake: ile hatua ya tano ilikuwa mbinu?

Neno mbinu lingependeza sana kwenye tathmini. Kasuku alilitamani, akaliacha.

"Hapana, Profesa. Nilikuwa nashindwa."

Profesa akaandika kitu kirefu, hakumwonyesha. Akasema barua ya mwalimu mkuu iandikwe leo leo, wala haina haja ya kutaja ni nani aliyeiba.

Fundi cherehani alikuwa anafuta macho kwa ncha ya futi yake, mtoto kamshika mkono, kanyamaza kimya kama alivyokuja. Alikuwa ameshamnong'oneza mama yake ujumbe. "Anasema Jumanne tunakuja," mama akaufikisha. "Ila hatua za kete zako atazihesabu yeye."

Kasuku alitikisa kichwa kukubali, bila neno, kama mtu aliyehitimu. Mama na mtoto wakafika hadi kwenye ngazi.

"Saa tatu kama leo," akawaita, "au mngependa mapema kidogo?"

Nyuma yake alisikia kalamu ya Profesa ikipita kwenye karatasi.