Sura Aliyoifinyanga Verna

Russell Halyk alizikwa Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata mkewe Verna alikuwa amerudi kazini mjini Burnaby, katika ghala lililogeuzwa studio, akikoroga plasta kwenye ndoo. Wenzake walimpa pole. Akaitikia, "Asante," akaendelea kukoroga. Hakulia makaburini wala nyumbani, na si kwamba alijikaza. Alijitafuta ndani mwake akakuta pametulia tu, kama chumba kilichohamwa.

Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kutengeneza sura za bandia za viumbe wa sayari nyingine. Juma lile mwongozaji, Glen Oyama, alimletea karatasi za sehemu ya kumi na moja ya kipindi chao cha televisheni cha safari za angani.

"Safari hii hakuna kinacholipuka," Glen alisema. "Kiumbe mzee anaugua ndani ya chombo cha wanadamu. Lugha yake hakuna anayeijua. Nahodha anakaa naye mpaka anakata roho. Basi."

"Na wakubwa wamekubali?"

"Wamenuna. Wanasema watazamaji watalala usingizi. Nipe uso, Verna. Wa mzee, ila usitishe."

Alifinyanga siku tatu, mikono ikienda yenyewe. Alifuta masikio, akaweka mapezi mashavuni. Siku ya nne alirudi nyuma hatua mbili, akaona. Chini ya yale mapezi lilikuwa taya la Russell. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, vile ulivyobaki tangu ubao ulipomrukia kule kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa bado na nafasi ya kuubomoa udongo na kuanza upya. Akatazama saa ya ukutani, akaona ni saa sita, akaenda kula sandwichi yake ya mayai.

Aliyevaa sura ya mpira iliyotolewa kwenye udongo ule alikuwa Desmond Arkle, mwigizaji asiyejua kunyamaza. Kila asubuhi alikaa kitini saa tatu nzima akibandikwa.

"Dada Verna, nikipiga chafya si nitabaki bila pua?"

"Basi usipige."

"Ndiyo maana nakupenda. Unabembeleza kweli kweli."

Siku ya kupiga picha za kifo, Desmond aliinua karatasi yake. "Hapa wameandika 'anakufa', basi. Sasa mtu anakufaje? Napumua vipi?"

Verna alikuwa akibandika ukingo wa taya. "Unavuta pumzi moja ndefu," alisema, "halafu kimya. Aliyekaa nawe anadhani ndiyo mwisho. Anaanza kuinuka, unavuta nyingine. Usihesabu moyoni. Ukihesabu, tutaona unahesabu."

Desmond alimtazama kwenye kioo. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Ulimuuguza nani?"

"Tulia. Gundi haijashika."

Akafanya vilevile alivyoambiwa. Watu wa taa waliacha kutafuna. Pumzi ya mwisho ilipokwisha, Glen alisahau kuamuru kamera zizimwe, zikaendelea kurekodi. Verna, aliyesimama pembeni na brashi yake, aliona ukingo wa taya umeachia kidogo. Waliposimamisha, alikwenda akainama kuurekebisha, na kidole gumba chake kikafuta pembe ya ule mdomo, kama kilivyofuta hospitalini wiki nzima. Desmond alibaki amefumba macho, akamwachia. Mpira ulikuwa baridi. Zaidi ya hapo Verna hakuhisi kitu.

Sehemu ile ilirushwa Februari. Majina ya mwisho hayajaisha kupita, simu ikalia. Alikuwa binti yake, Colleen, kutoka Kamloops.

"Mama, yule ni baba!"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Umemgeuza baba yangu dude la angani, umemfisha mbele ya nchi nzima, hata kuniambia hukuniambia?"

"Sikukusudia. Ni mikono tu."

"Mikono tu!" Colleen akaangua kilio. Verna alishika simu, akangoja. Siku ile baba yake alipokuwa akikata roho, Colleen alikuwa amekwama njiani, barabara ya milimani imefungwa kwa theluji. Hatimaye aliuliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale, kama yule nahodha?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Basi," Colleen alisema. "Basi, mama. Nilikuwa nataka kujua tu."

Wakubwa walijiandaa kupokea malalamiko, badala yake yakaja magunia mawili ya barua za shukrani. Nesi mmoja wa mji wa Regina aliandika kwamba ndugu za wagonjwa waliokuwa wakiogopa kuingia wodini sasa wanaingia, wanavuta viti, wanakaa. Glen aliisoma kwa sauti wakati wa chakula. Watu walifuta macho. Verna alisikiliza, akamalizia kahawa yake.

Machi Colleen alikuja akaomba kuona. Sura za mpira zote zilikwisha kuchanika, lakini kichwa cha plasta kilichonakiliwa kutoka ule udongo kilikuwepo stoo. Alikipapasa polepole.

"Kumbe pua yake ilikuwa kubwa hivi?"

"Kubwa zaidi. Niliipunguza."

Colleen alicheka, kisha akalia, paji la uso limeegemea plasta. Verna alimshikia koti. Alipomaliza, walifunga stoo, wakatafuta mahali penye supu. Verna aliagiza bakuli, akala yote, akaomba jingine.