Chakula cha Nekesa

Harufu ya dagaa wa omena waliokaangwa kwa nyanya ndiyo iliyotuita nyumbani jioni, mimi na mdogo wangu Nekesa, tulipokuwa tukiishi chumba kimoja Kangemi. Mama alikuwa na meza ya samaki sokoni, hivyo hatukukosa kitoweo. Nekesa alikula kuliko mimi: omena, maharagwe, yai likipatikana, kisha akafuta sahani kwa ugali. Hata hivyo, mwaka ule alioanza shule ya nasari, mikono yake ilibaki myembamba kama vijiti vya kuwashia jiko, na tumbo lake lilijaa gesi hadi akalia. Sokoni watu walianza kunong'ona. Siku moja mama mwenye nyumba, Mama Kamau, alisimama mlangoni akamtazama Nekesa akivaa sweta.

"Mama Nafula," akasema, akimwita Mama kwa jina langu, "huyu mtoto unampatia chakula kweli?"

 Tangu siku hiyo Mama alianza kumlishia Nekesa nje, kwenye kibaraza, ili kila mpita njia amwone akitafuna. Nilimwonea Mama huruma kwa namna ambayo sikuwa na maneno yake.

Kwenye zahanati walitupatia dawa za minyoo mara kwa mara, bila nafuu. Hatimaye tulitumwa hospitali kubwa mjini, tukampata daktari wa watoto, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimuuliza Mama kuhusu choo cha mtoto. Mama akainamisha kichwa.

"Kinanuka sana, daktari. Na kinaelea, kama kina mafuta. Niliona aibu kusema."

"Hapo ndipo umenisaidia," daktari akasema.

Baada ya vipimo alitueleza kwamba protini iliyo kwenye samaki ni kama mnyororo mrefu, na mwili hauwezi kuupokea ukiwa mzima. Tumbo huanza kuukata, kisha kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa vimeng'enya vya kuukatakata hadi vipande vidogo vinavyoweza kuingia kwenye damu na kujenga misuli. Vimeng'enya vingine huvunja mafuta. Kongosho la Nekesa lilitoa vimeng'enya vichache mno, basi chakula kilipita tu.

"Kwa hiyo nilikuwa namlisha?" Mama akauliza.

"Ulimlisha vizuri, mama. Ni mwili wake uliokosa kupokea."

Mama alilia pale pale kitini, na daktari akamwacha alie.

Tulirudi na vidonge vya vimeng'enya, vile vya maganda yanayofunguka. Mama alivifungua, akamwaga punje zake kwenye kijiko cha embe lililopondwa, na Nekesa akameza bila kutafuna kila alipoanza kula. Maumivu yalipungua kwanza. Mvua zilipokwisha, sweta ilikuwa imembana kwapani. Mama Kamau aliyaona hayo, akaja na maziwa, akaketi na Mama hadi chai ikaisha. Hakuomba radhi kwa maneno, na Mama hakumdai.

Leo naishi Uthiru, na Nekesa ni fundi wa umeme, mrefu kuliko mimi. Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu, Mama naye akiwepo. Alitupia vidonge mdomoni huku akibishana nami juu ya siasa, kama mtu anayejifuta jasho tu. Mimi niliendelea kubishana. Mama peke yake ndiye aliyemtazama bila kugusa chakula chake, mkono wake ukiwa juu ya meza, mpaka Nekesa alipomeza nyama ya kwanza.