Jiwe Lililookotwa Kinyala

Mwalimu wa historia aliniomba amonaiti yangu kubwa kuliko zote siku ya Jumatatu, wakati wa chai, na mimi nikampa kwa sababu aliomba vizuri.

"Madamu, nawaonyesha Kidato cha Tatu tu, halafu nakurudishia."

Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza, na bado ninayo: kwamba nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu, tena nikaifunga kwenye gazeti isije ikagongwa.

Niseme amonaiti ni nini, maana hata walimu wenzangu waliniuliza mara nyingi. Ni mnyama wa baharini, ndugu wa pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Walikwisha wote zamani sana, kabla binadamu hajakuwako. Hawa wangu ni wa enzi ya Jura, enzi ya ile mijusi mikubwa. Mnyama alipokufa gamba lilifunikwa na tope la baharini, tope likawa mwamba, na gamba nalo likawa jiwe, yaani kisukuku. Kwetu, bara ya Lindi, mvua ikikata makorongo mawe hayo hutokeza. Baba yangu alikuwa akichimba kifusi cha barabara. Aliniletea la kwanza nikiwa darasa la nne, na tangu hapo kila likizo nilishinda makorongoni na nyundo ndogo, nikitafuta mbavu, ile mistari iliyoinuka juu ya gamba. Mbavu ndizo zinazokuonyesha, kwa kuwa jiwe la kawaida halina mistari iliyopangwa namna ile. Unagonga pembeni taratibu, unasugua kwa mswaki na maji. Kisha nyuma unapaka tone la wino mweupe wa kufutia makosa, na ukikauka unaandika namba na jina la korongo. Baba alinifundisha kuandika hapo hapo, kabla sijafika nyumbani, kwa sababu kumbukumbu hudanganya.

Nilipopangiwa kazi Tukuyu nilikuja na amonaiti kumi na tisa ndani ya boksi la sabuni, zimefungwa kwenye khanga zangu. Nilipata chumba Bagamoyo. Ndugu zangu walifurahi, wakadhani nimerudishwa pwani, mpaka nikawaeleza kwamba Bagamoyo hii ni kata ya mjini Tukuyu, na kwamba ninalala na soksi. Sikupapenda. Mvua ilinyesha mpaka daftari zikaota ukungu. Ofisini wenzangu walizungumza Kinyakyusa na kucheka, na mimi niliamini kila kicheko ni changu. Nikaanza kuwajibu kwa ukali hata waliponisalimia tu. Mwalimu wa historia ndiye pekee aliyevuta kiti akaniuliza habari za yale mawe. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Kinyala, mtu wa maneno laini, mwenye kupiga pasi shati lake hadi mikono. Kwa hiyo nilimpa.

Wiki ile ikapita. "Kesho, madamu." Wiki ya pili: "Nimelisahau nyumbani." Wiki ya tatu akaanza kunikwepa; nikiingia ofisini yeye anakumbuka kwamba ana kipindi.

Halafu picha ikaja kwenye simu, kwenye kundi letu la walimu. Jiwe langu juu ya kitambaa cheupe, na maneno: *Maajabu Kinyala! Konokono wa kale wa baharini aokotwa mtoni.* Jumamosi ofisa wa utamaduni angekuja kulitazama, wananchi wote mnakaribishwa.

Nilimkuta mwalimu wa historia nyuma ya madarasa, kwenye tangi la maji, ananawa chaki.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Lipi, madamu?"

"Usinichezee akili."

Akajifuta mikono taratibu. "Sikiliza. Ninyi mna bahari. Mna magofu. Mna mifupa ya mijusi hadi Wazungu waliibeba. Watalii wanapita hapa kila siku wanakwenda kuangalia ziwa la mlimani na daraja la mawe, hawashuki kwetu hata kununua ndizi. Tukiwa na kitu kimoja, kimoja tu, watashuka. Wewe unayo kumi na tisa."

"Kumi na nane," nikasema.

"Basi kumi na nane hazikutoshi?"

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu alinisikiliza huku akisaini barua, akasema mambo ya walimu yaishie ofisini.

"Yataishiaje ofisini, mkuu, na jiwe langu linatembea kwenye simu za watu?"

"Mwalimu, una ushahidi?"

"Ninalijua jiwe langu."

"Mawe ni mawe," akasema, akaendelea kusaini.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Kinyala. Watu walikuwa wengi kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, wamevaa kama wanakwenda kanisani. Kwaya ilikuwa imesimama tayari. Jiwe lilikuwa mezani mbele ya ofisa wa utamaduni, na mwalimu wa historia alikaa upande wa wageni, shati limepigwa pasi. Aliniona. Akainamisha macho.

Mwenyekiti wa kijiji alieleza habari ndefu, kisha akasema, "Sasa tumwone aliyebarikiwa kuliokota." Akasimama bibi mmoja mwembamba, kitambaa kipya kichwani, viatu vya kuazima vinavyompwaya. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mwanamke aliyeketi karibu nami akaninong'oneza, "Huyo ndiye mama yake mwalimu. Alikwenda kunawa miguu mtoni kama kila jioni, akalikuta limekaa kwenye mchanga."

Hapo nikaelewa. Hakulipeleka jiwe kijijini akasema ameliokota yeye. Alilitega mtoni, mahali mama yake anaponawa kila jioni akitoka shamba, akamwacha mama aokote mwenyewe. Bibi yule hakujua lolote. Alikuwa anacheka, mkono umeziba mdomo, mtu asiyezoea kutazamwa.

Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuamua. Kwaya iliimba ubeti mzima. Lakini mwenyekiti aliponyanyua jiwe langu juu na kusema "mali ya Kinyala," nikajikuta nimekwisha simama.

"Hilo jiwe ni langu," nikasema. "Limetoka Lindi. Nimeliokota mwenyewe."

Mwenyekiti akalirudisha jiwe mezani.

"Milima hii yote ni ya volkano," nikaendelea, kwa sauti ile ninayowafokea wanafunzi. "Mnalima juu ya majivu ya moto. Wanyama hawa walikuwa wa baharini, na hapa enzi zile hapakuwa na bahari."

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mwalimu, ulikuwepo?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nilitembea hadi mezani, nikalichukua jiwe, nikamgeuzia ofisa upande wa nyuma. Wino mweupe ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu, lakini ndani ya mifereji, kati ya ubavu na ubavu, ulibaki. "Hapa palikuwa na namba yangu. Muulizeni huyo aliyeikwangua." Nikamnyooshea kidole mwalimu wa historia mbele ya kijiji chake.

Aliyesema ni mama yake.

"Mimi si mwisi," akasema. Alikuwa bado amesimama pale mbele, viatu vya watu miguuni. "Niliokota. Lilikuwa kwenye maji. Mimi si mwisi."

Hakuna aliyemwita mwizi, lakini alikuwa na haki ya kusikia hivyo, maana nilikuwa nimepiga kelele mbele ya uso wake. Nikamwambia ofisa, "Naomba jiwe langu."

Ofisa alikuwa kijana mtaratibu, na mimi nilifikiri yuko upande wangu. Akatoa bahasha. "Mwalimu, huko Lindi ulikoliokota, kibali cha kuchukua visukuku unacho?"

Sikuwa nacho. Sikuwahi kujua kama kinatakiwa. Baba yangu alikuwa akiyatupa kwenye lori la kifusi. Ofisa akasema vitu hivi ni mali ya taifa, akalitia jiwe kwenye bahasha, akaandika juu yake, akaniambia na hayo mengine niyapeleke ofisini kwake. Safari hii kicheko hakikuwepo. Watu walinipisha njia nilivyotoka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwaheri. Kinyala hata adui huagwa.

Niliyapeleka yote kumi na nane, pamoja na orodha ya makorongo. Nilipewa karatasi yenye muhuri.

Shuleni na mtaani mambo yakawa mabaya. Mama aliyekuwa akiniletea maziwa akasema ng'ombe amekauka, na kila asubuhi nilimwona akipita na kibuyu chake kwenda kwa jirani. Kwenye mtihani wa muhula wa jiografia, somo langu, niliuliza ni miamba ya aina gani hupatikana wilaya ya Rungwe. Wanafunzi wanane wa Kinyala waliandika: *Miamba ya baharini yenye amonaiti.* Niliwapa sifuri. Muhula uliofuata wakaandika tena, neno kwa neno, nikawapa sifuri tena. Mwalimu wa historia aliomba uhamisho akapata. Hakuniaga, na sikutegemea. Mimi niliomba mara mbili, sikupata.

Mwaka ulipokaribia kwisha nilikwenda kwa mama yake. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ugonile?"

Nikaitikia salamu hiyo ya Kinyakyusa kama nilivyojifunza. Akanipa kigoda, akaingia ndani, akarudi na ndizi za kuchemsha na chumvi pembeni. Nilikula kwa kuwa kukataa kungekuwa tusi jingine. Kisha nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba siku ile sikujua kuwa yeye hakuwa na habari.

"Ulijua," akasema, bila kuinua macho. "Uliniona nimesimama pale. Ungemwita mwanangu pembeni. Ungekuja hapa nyumbani, ningekupa jiwe lako kwa mikono miwili. Mimi jiwe la nini?"

Akatikisa ungo, akaendelea.

"Sasa mtoto wangu yuko mbali, hapigi simu. Ananionea haya. Na mimi nikienda kanisani watoto wananiita bibi konokono."

"Nisamehe, mama."

Alitoa punje mbovu kwenye ungo, akaitupa kwa kuku. "Umeshakula?"

"Nimekula. Ndaga," nikamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Basi nenda. Mvua inakuja."

Nikainuka, nikamwachia sahani juu ya kigoda. Hakunisindikiza hata hatua moja.