Kichwa Kilichokataa Kuinama

Watoto wa Kimaasai hawakupi mkono. Wanakuja mbele yako, wanainamisha kichwa, na wewe mtu mzima unaweka kiganja juu ya utosi na kusalimia. Wakishaitikia, wanakimbia zao.

Nilipoanza kazi ya uuguzi katika kituo kimoja cha afya hapa Kitengela, jambo hili lilinisumbua. Wazazi wangu ni watu wa magharibi mwa Kenya waliofuata kazi na nyumba za kupanga, na kwetu salamu ni kushikana mikono na kutikisana mpaka bega liume. Sasa kila asubuhi vichwa vilijipanga mbele yangu kana kwamba mimi ni askofu. Nilikuwa na digrii mpya na chunusi kidevuni. Ukubwa huo nilipewa na nani?

Nilimwuliza mwenzangu wa zamu, ambaye ni Mmaasai.

"Ni heshima tu," akasema.

"Heshima ya nini, na hawanijui?"

"Wewe weka mkono, dada. Mtoto atachoka kuinama."

Nikaweka. Baada ya muda nikagundua kwamba salamu hii ina faida ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia: unapima joto la benchi zima kabla hujatoa kipimajoto mfukoni. Kichwa chenye homa kinakuchoma kiganja. Nikaanza kupenda kusalimia.

Nilikuwa pia na ugomvi na namba. Askari wa getini alikuwa akigawa kadi za namba kwa jinsi watu walivyofika, na tukawa tunawaita hivyo hivyo, moja, mbili, tatu. Mimi nikauliza kwenye mkutano: namba inatuambia nani aliamka mapema, lakini inatuambiaje nani anaumwa zaidi? Niliuliza tena mkutano uliofuata, na uliofuata. Mwishowe mkubwa wetu akachoka. Akasema sawa, kila asubuhi muuguzi apite benchi kwanza, na asiyeweza kungoja atangulizwe. "Lakini wenye namba," akaongeza akinitazama, "utawaeleza wewe mwenyewe."

Ndiyo maana Jumatatu moja nilikuwa nikipita benchi, vichwa vinainama, mimi nabariki. Mwenye namba ya kwanza alikuwa mwanamume aliyevaa koti la kung'aa la watu wa ujenzi, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nilikiangalia. Kilikuwa kimechanika, kinahitaji kushonwa, damu imekauka.

"Sista, niite basi. Fundi wangu ananingoja Kajiado na ufunguo wa stoo niko nao mimi."

"Nakuja. Ngoja nimalize salamu."

"Hii ni hospitali ama harusi?" akasema, na benchi likacheka.

Mwishoni mwa benchi alikaa bibi mmoja mwenye shanga shingoni, na ubavuni mwake mjukuu wa kike wa miaka sita hivi, amejifunika shuka mpaka machoni. Nilimwamkia bibi. Nikasimama mbele ya mtoto, nikangoja kichwa.

Kichwa hakikuja.

"Salimia sista," bibi akasema.

Mtoto akatazama mbele tu.

"Unaona?" Bibi alinigeukia kwa aibu kubwa. "Mama yake alimleta kukaa huku mjini, na sasa amekuja kwetu kututembelea, adabu imeisha. Tangu jana hasalimii mtu. Hata babu yake, mzee mzima, alisimama mbele yake, akakataa kuinama! Nimemgombeza njia nzima kutoka Isinya."

"Na homa?"

"Homa iko, na anatapika. Ndiyo nimemleta. Lakini kiburi ni chake mwenyewe." Akapeleka mkono kwenye kisogo cha mtoto ili akiinamishe kwa nguvu.

Mtoto akapiga yowe. Nikaushika mkono wa bibi kabla sijajua nimeushika.

Nilichuchumaa. Nikaweka kiganja utosini bila kuinamiwa, na kiganja kikaungua. Nikafungua shuka kidogo. Mtoto akafumba macho, mwanga ulikuwa unamuumiza. Nikamwuliza polepole kama anaweza kuangalia kitovu chake. Alijaribu. Niliona alivyojaribu, midomo inatetemeka, lakini kidevu hakikusogea. Alikuwa mtoto mwenye adabu zake zote. Shingo ndiyo iliyokataa.

Homa, kutapika, kuogopa mwanga, shingo ngumu kama mti. Kila muuguzi anaufahamu wimbo huo: huenda ni homa ya uti wa mgongo, na hilo neno 'huenda' peke yake linatosha kuanza haraka. Ukingoja uhakika, mtoto anaweza kufa au kubaki kiziwi. Mimi ambaye sikubali kitu bila ushahidi nilisimama na ushahidi nusu, nikaona kwamba kungoja ile nusu nyingine ndilo kosa lenyewe.

"Huyu anaingia sasa," nikasema kwa sauti.

"Ala! Na namba yangu?" mwenye kidole akauliza.

"Kidole chako kitakuwa kidole hata baada ya saa moja. Huyu sina hakika naye."

Akamtazama mtoto. Kisha akasimama, akamnyanyua pamoja na shuka lake kwa mkono mzima, ule mbovu ameuinua juu kama mtu anayeapa kortini. "Haya, mlango gani? Lakini nyinyi wengine," akageukia benchi, "mnanifuata mimi! Msijifanye wagonjwa!"

Daktari wetu alikuwa anamalizia chai. "Kwa nini yeye kwanza?" akaniuliza, na nadhani alifurahi kwamba safari hii swali ni lake.

"Hawezi kuinamisha kichwa kusalimia."

Akaweka kikombe chini. Alimpima mwenyewe, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeweka mrija kwenye mshipa wa mkono na dawa ya kwanza inaingia. Gari la kumpeleka hospitali kubwa ya Kajiado likaitwa.

Bibi alinishika mkono mlangoni. "Atapona?"

Chuoni tulibishana sana kuhusu swali hili. Wengine walisema mtie moyo. Mimi nilikuwa nikiuliza, moyo wa uongo ni dawa ya nani? Lakini chuoni hakuna bibi anayekutazama.

"Sijui, koko," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yao. "Ni ugonjwa mbaya. Lakini dawa imeanza, na huko mnakokwenda wanaujua. Na mtoto hakukukosea heshima. Alishindwa tu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akarudi kitandani, akainama akamwambia mtoto maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa. Nilielewa sauti.

Kidole nilikishona baadaye. Mwenyewe alikuwa amempigia fundi simu akamweleza habari yote, na ndani ya habari hiyo tayari alikuwa shujaa.

Wiki zilipita. Asubuhi moja nilisikia kicheko getini. Askari alikuwa ameshika utosi wa msichana mdogo aliyenyolewa safi. Msichana akamwacha, akamwinamia mama wa usafi, akamwinamia muuza ndizi, akaingia benchini akawainamia watu wazima mmoja mmoja, hata waliokuwa wanakohoa, bibi yake, yule wa shanga, nyuma akijaribu kumfikia na kuona fahari hadi anashindwa kumkemea. Alipofika kwa daktari, daktari akatoka nje ya chumba chake na chai mkononi ili naye amguse utosi.

Kisha akasimama mbele yangu. Akainama mpaka kidevu kikagonga kifua. Nikaweka kiganja. Kichwa kilikuwa baridi kama mtungi wa kivulini.

"Inama tena," nikasema.

Akainama.

"Sista," bibi akasema huku anacheka, "amekwisha kukusalimia."

"Najua, koko. Mara moja tu zaidi."