Ukurasa wa Mama Mkwe

Duka la sari la mzee Vrajlal, mjini Jamnagar, India, ndilo lililokuwa mteja mkubwa wa kwanza wa Jignasha, na sasa lilikuwa linamponyoka.

Kazi ya matangazo ya mtandaoni alijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka: kununua maneno ambayo watu huyaandika mtandaoni wakitafuta kitu, kisha kuchagua ukurasa wa duka watakaofikia wakibofya tangazo. Mbofyo hulipiwa, mtu anunue asinunue. Kwa neno "gharchola", sari ya harusi, alichagua ukurasa uliopendeza kuliko zote: bibi harusi kajaa maua, macho kayainamisha. Watu walibofya, wakatazama, wakatokomea.

"Jignashaben, dada yangu, unaniletea watazamaji," Vrajlal akasema. "Usiponipa wanunuzi kabla ya msimu wa harusi, kila mtu ashike njia yake."

"Nipishe nikae kwenye godoro lako la kuuzia asubuhi moja, mzee."

"Uuze wewe?"

"Nitazame tu. Macho hayana kodi."

Akakaa kwenye godoro jeupe la duka, ambapo sari hukunjuliwa mbele ya wateja. Akaingia mama mmoja, akaitisha gharchola. Muuzaji alipoikunjua, mama hakuisifia hata rangi.

"Geuza nyuma." Akahesabu miraba iliyofumwa, akasugua nyuzi za dhahabu kwa ukucha.

"Bibi harusi hakuja kuchagua?" Jignasha akauliza.

"Achague nini, mwanangu? Bibi harusi huvikwa gharchola na mama mkwe, na mama mkwe ndiye mimi. Kwani wewe yako ulijinunulia?"

Hakujinunulia. Aliletewa na mama mkwe, akaivaa, akaikunja kabatini. Siku zote hizo alikuwa akimbembeleza mvaaji, na mkoba uko kwapani mwa mwingine.

Jioni hiyo akatengeneza ukurasa mpya: upande wa nyuma wa kitambaa, miraba, nyuzi kwa karibu, namba ya simu ya duka. Bibi harusi hayumo.

"Mbona kama picha za hospitali?" Vrajlal akaguna.

"Ile nzuri inatazamwa, mzee. Hii inakaguliwa."

Hakutaka ubishi. Akagawa wabofyaji, nusu huku, nusu kule, akaacha kurasa zishindane zenyewe.

Kabla msimu haujaanza, Vrajlal akapiga simu akifoka.

"Hawa wanawake wako! Wananikaba bei mpaka koo limekauka!"

"Wananunua?"

"Wananunua. Ule wa maua uondoe. Wewe baki. Ila ada yako tuizungumze."

"Tuizungumze," Jignasha akasema. "Unataka ipande kiasi gani?"