Pilau Mbele ya Wizara

Habari za kifo chake nilizipata kwenye foleni ya posta ya Woolwich, huku ughaibuni, na kama angeulizwa, nadhani hapo ndipo angetaka zitangazwe. Mwenye duka ni Mhindi wa Kampala, na dirisha la posta liko ndani ya duka lake, baina ya magunia ya mchele na kadi za simu. Alininyanyulia macho akasema, "Ndugu yangu, yule mama wa barua ametutoka. Binti yake kaja kuniambia asubuhi." Mkononi nilikuwa na bahasha ambayo marehemu mwenyewe alinipa wiki iliyopita niipeleke.

Msiomjua niwajuze. Alikuwa Mpemba, alikuja mji huu akiwa mkimbizi, akafanya kazi ya ukarani kwenye kliniki mpaka akastaafu. Yeye ndiye aliyejaza zile fomu zinazopelekwa serikalini kila mwanamke anapotoa mimba. Sisi wambea wa Thamesmead tulimzunguka miaka na miaka, hatukuambulia hata herufi ya jina la mtu. Alipostaafu akataka kitu kimoja tu: chumba cha ushauri ambamo mabinti zetu, wakikumbwa na jambo hilo, wasikilizwe bila kuhukumiwa, na mama zao waelezwe kwa lugha yao. Halmashauri ikamwambia alete takwimu za kuonyesha kwamba chumba kinahitajika. Akaiandikia wizara ya afya, wizara ikamjibu kwamba idadi ya mtaa wetu ni ndogo mno, ikitolewa mtu anaweza kutambulika. "Sababu yao ina maana," aliniambia, "lakini mimi sitaki majina, baba. Majina ninayo kichwani na hayatoki. Nataka idadi." Akaandika tena, na tena. Nilipomtania kwamba anawatajirisha watu wa posta, alinijibu kwamba kule kwetu, enzi zile, kuuliza tu wamekamatwa wangapi kulitosha kukufanya uongeze idadi. Hapa ukiuliza unajibiwa kwa barua yenye nembo, hata kama ni ya kukukatalia, na yeye hakukubali neema hiyo ipite bure.

Barua ziliposhindwa, akaamua kuandamana. Polisi aliwapa taarifa kwa maandishi, vizuri kabisa. Watu wetu akawaalika kwa desturi yetu: nyumba hadi nyumba, kwa mdomo, Woolwich na Thamesmead, mpaka Wembley akafika. "Jumatano saa saba mchana, msinitupe." Sasa niambieni nyinyi, mwanamke wa kwetu akikupigia hodi akakualika kwa saa ya chakula, utaelewa nini? Siku ilipofika, wanawake walishuka kwenye mabasi wamevaa nguo za sikukuu, wananukia udi, na sufuria za pilau zimefungwa kwa kanga. Mikeka ikatandikwa mbele ya wizara. "Nimewaita kuandamana, mmekuja kula!" akafoka. Mmoja akamjibu, "Hukusema tuje na njaa au tuje na hasira. Tumekuja na vyote viwili." Askari alipouliza kiongozi ni nani, wote wakamwonyesha aliyeshika upawa. Siku hiyo walikuwapo pia watu wenye mabango yao, wanaopinga utoaji mimba na wanaoutetea, na kila upande ukamuuliza yuko na nani. Kila upande ukapewa sahani.

Harufu ile ikamteremsha ofisa mmoja, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikula, akamsikiliza, kisha akamuuliza kwa nini anaomba idadi ya mwaka mmoja. Aombe ya miaka kadhaa kwa pamoja, na mitaa ya jirani iunganishwe, hapo haitakuwa ndogo tena na hakuna atakayetambulika. Kesho yake barua ikaenda. Takwimu zikaja, na chumba kikafunguliwa, alasiri mbili kwa wiki.

Nami nilikuwa wapi? Niliahidi kushika mti wa pili wa bango lake, alilolishona kwa shuka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kituoni, nimejificha nyuma ya gazeti, naacha basi baada ya basi. Niliogopa jina langu lisiandikwe mahali. Pasipoti ya hapa nilishaipata siku nyingi, ila woga wangu haukuwa na habari hiyo. Nafasi yangu ilishikwa na nguzo ya taa. Baadaye mama mmoja akavuka barabara na sahani iliyofunikwa. "Kasema weka gazeti chini ule, baba. Amekuona tangu basi la kwanza." Nilikula. Ilikuwa tamu, na aibu yake ninayo mpaka leo, kwa sababu hakunitajia kisa kile hata mara moja.

Takwimu zile sasa zimezeeka. Halmashauri inataka mpya, la sivyo chumba kitafungwa, na barua ya kuziomba ndiyo iliyokuwa ndani ya bahasha ile ya kwenye foleni. Marehemu aliniandikia kila kitu, akaniachia kazi ya kutia saini tu. Nami, bila haya, nilikuwa nimetia jina hili la bandia mnalolisoma juu ya safu hii. Nilijua fika kwamba haki ya kuuliza inataka mtu wa kujibiwa, na haki ya kuandamana inataka miguu ya mtu, lakini miaka yote nilizisifia gazetini nikiwa nimekaa. Nikaichana bahasha pale pale dirishani, nikalikata lile jina, nikaandika langu.

Mwenye duka akachukua fomu ya barua ya rejista. "Jibu lije kwa nani?" Nikamtajia jina nililopewa na baba yangu. Akaliandika herufi kwa herufi.

"Miaka yote hii," akasema, "kumbe ndivyo unavyoitwa!"