Sketi wa Berea na Waskoti Wake

Jina lake la kanisani ni Gustave. Lakini ukiingia Berea, mtaa wetu hapa Jozi, yaani Johannesburg, leo ukauliza Gustave yuko wapi, utazungushwa kila kona mpaka miguu iote moto. Uliza Sketi. Hata mtoto atakunyooshea kidole.

Jina lilimpata Jumamosi moja mwaka 2016. Gustave alikuwa peke yake kwenye duka la ushonaji la Papa Jacques, chini ya ghorofa tunaloishi, bosi katoka kidogo. Mezani palikuwa na sketi ya shule, drafti nyekundu na kijani, marinda pande zote, imeletwa kubadilishwa zipu. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa, akaitazama. Akatazama mlango. Akaivaa juu ya suruali, akashika rula ya mbao kama upanga, akasimama mbele ya kioo na kunguruma:

"Mulima huu ni wetu!"

Mama Victoire, mwenye saluni ya mlango wa pili, alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Papa Gustave," akasema taratibu. "Iyo ni sketi ya mwana wangu."

Mwana mwenyewe, Victoire, akachungulia chini ya mkono wa mama yake. "Haibo, Malume!" akasema kwa Kizulu cha shuleni, yaani jamani, Mjomba!

Wateja wakatoka saluni, mmoja kasukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama kama antena. Kabla ya jioni mlinzi wa getini alikuwa anamwambia "Shikamoo Sketi," na huyo mlinzi hata Kiswahili hajui. Alifundishwa hilo moja tu. Sitasema na nani.

Sasa tulieni niwaambie huyu mtu ni nani. Gustave ni fundi wa Bukavu, kule Kongo, kafundishwa na baba yake, suti anakata bila kuchora. Ila Jozi haikumjua hivyo. Kwa Papa Jacques alipewa zipu, vifungo na kupunguza suruali. Nguo nzima, kuanzia kitambaa mpaka kifungo cha mwisho, hakuwahi kupewa. Papa Jacques hata alimtambulisha kwa wateja hivyo: "Huyu ni wa zipu." Mtu anacheka, anaondoka, lakini mimi nilikuwa naona Gustave anavyoinamia cherehani.

Na kilichokuwa kinamnyoosha mgongo ni filamu. Hapo ndipo naingia mimi, mtoto wa Tanga, mjaza flashi za watu kwa filamu za kila taifa. Yeye alitaka aina moja tu: Waskoti na Waayalandi. Wenye vita, wenye ng'ombe, wenye mvua, ilimradi kuwe na kilima cha kijani na mtu mwenye hasira. Kutofautisha Ayalandi na Uskoti hakuwezi mpaka kesho.

"Grand, hii ni ya Ayalandi," namwambia; yeye kwangu ni Grand, kaka mkubwa, na mimi kwake Petit, mdogo.

"Petit, tazama. Kilima, ziwa, ukungu, ng'ombe, majirani banagombana juu ya shamba, kisha kwenye msiba banaimba mpaka asubuhi. Hawa ni bantu ya Bukavu. Rangi tu ndiyo banakosea."

Jumapili baada ya ibada sebule yetu ilijaa. Iliyopendwa kuliko zote tuliiita Ndevu Nyekundu, kwa sababu jina lake la Kiingereza hakuna aliyelikumbuka. Mzee wa ndevu nyekundu anakusanya ukoo wake, anawapiga askari mtoni, watu wanacheza ngoma. Halafu Gustave anachukua rimoti na kurusha mbele. Kila mara, palepale. Ni pale ukoo unaposhindwa, unakimbilia mlimani na watoto mgongoni. Mara moja nilimuuliza kwa nini.

"Kukimbia nilishaona," akasema. "Peleka mbele."

Basi. Hatukuuliza tena.

Mwaka 2017 akaja Évariste. Kama humjui Évariste, ni yule Mkongomani ambaye akivaa viatu vya njano barabara inasimama bila robot, zile taa za barabarani. Alikuwa anaoa Desemba, na aliapa hataingia ukumbini na suti kama ya mtu mwingine yeyote. Akashuka dukani na kitambaa cha drafti kimekunjwa begani.

"Sketi, minasikia wewe ni mutaalamu wa nguo ya Waskoti. Mimi na wapambe wangu tunataka kuingia nayo. Unaweza?"

Papa Jacques alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Huyu? Huyu ni wa zipu!"

"Ninaweza," akasema Gustave, na kifua kilitangulia maneno.

"Sawa," akasema Papa Jacques. "Akiweza, nampa meza ya mbele, akate nguo za bantu. Akishindwa, nisisikie tena habari ya Bukavu."

Ya kwanza aliishona ya Damien, mpambe mwenye mwili kuliko wote, kwa wazo kwamba ikimtosha Damien imetosha dunia. Jumapili tukakusanyika sebuleni kuijaribu. Damien akatoka nayo: bapa mbele, bapa nyuma, imenyooka kama mlango wa friji.

"Umevaa begi la Park Station," nikamwambia. Mnayajua yale mabegi ya plastiki ya drafti tuliyoshuka nayo wote kituoni tulipofika Jozi.

"Marinda iko wapi?" akauliza Mama Victoire.

"Marinda ni ya batoto ya shule!" Gustave akafoka. "Nimetazama filamu zote. Mbele ya Ndevu Nyekundu hakuna marinda. Bapa!"

Hapo nikaelewa. Tangu ile Jumamosi mtu wetu alikuwa anakimbia chochote kinachofanana na sketi ya Victoire.

Évariste akawasha muziki. Wakongomani hawaingii ukumbini kwa kutembea, ndugu zangu. Wanaingia kwa kucheza, goti chini, kiuno huku, zunguka, panda. Damien akashusha goti.

Rrraaa.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo ujue hali ilikuwa mbaya. Papa Jacques alivaa kofia yake. "Kesho kuna zipu zinakungoja," akasema, akatoka.

Évariste akakuna kidevu. "Nakupa mpaka Jumapili ijayo, mupenzi. Ikishindikana, eish, tunakodi suti kama bantu wote."

Watu walipopungua Gustave alikaa na nguo iliyochanika mapajani. "Petit, wanapiganaje na nguo hii? Wanaruka mito, wanapanda milima. Kwa nini yao haichaniki?"

"Labda nyuma iko tofauti."

"Nyuma utaionea wapi? Shujaa kila siku anakutazama usoni."

Lakini wote wawili tulijua nyuma inaonekana wapi. Gustave akachukua rimoti. Akaweka Ndevu Nyekundu, akafika mtoni, akafika kwenye ngoma. Kidole kikasimama juu ya kile kitufe.

Hakurusha.

Ukoo ukashindwa. Wakageuka, wakaanza kupanda mlima, mamia ya migongo kwenye mvua. Na kila mgongo, chini ya mkanda, marinda. Marinda mazito, yamebanwa kiunoni, yanafunguka kila mguu unaponyanyuka na kujifunga tena.

"Simamisha," nikasema.

"Hapana. Wacha bafike juu."

Tukatazama mpaka wa mwisho akavuka kilima. Gustave akafuta uso na kile kitambaa cha Damien, halafu akatabasamu kama mtu aliyelipiwa chakula. "Mbele bapa ya kuonyesha. Nyuma marinda ya kuishi. Twende kazini."

Shida moja: marinda yanakula kitambaa kama Damien anavyokula fufu. Drafti ya Évariste isingetosha hata nusu ya wapambe, na dukani ilikuwa imekwisha. Mama Victoire akashuka na vitu viwili. Cha kwanza, kitenge chake chekundu, vipande kwa vipande, cha sherehe ya kanisa iliyoahirishwa. Cha pili, sketi ya Victoire.

"Leo nakupa kwa mukono wangu," akasema. "Angalia namna marinda inakunjwa. Kuvaa, hapana."

Gustave aliigeuza ile sketi ndani nje, akapima kunjo kwa kidole, akawasha pasi. Mbele akaweka drafti. Nyuma akakunja drafti na kitenge, ili ukisimama unaona Mskoti mtupu, ukicheza kitenge kinachomoka ndani ya kunjo. Jumapili Damien alishusha goti, akazunguka, akapanda. Évariste alikumbatia watu wote, mpaka wasiohusika.

Siku ya harusi ukumbi ulikuwa umejaa mpaka dirishani. Wapambe wakaingia kifua mbele, drafti imenyooka, minong'ono ikaanza: wanaume na sketi? Ngoma ikalia. Wakageuka wote pamoja, wakashuka, na migongo yote ikalipuka nyekundu. Akina mama walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mtaa wa jirani, Hillbrow. Papa Jacques alikuwa meza ya nyuma. Nilimwona akisimama, akimwonyesha jirani yake kwa kidole. "Fundi ni yule pale. Wa dukani kwangu."

Jumatatu meza ya mbele ilikuwa tupu, imefutwa vumbi, mkasi mkubwa juu yake. Mteja wa kwanza akauliza fundi ni nani, Papa Jacques akafungua mdomo, Gustave akamuwahi.

"Mimi ni Sketi," akasema. "Unataka nguo gani?"

Sasa hivi jina liko kwenye kioo cha duka, kapaka mwenyewe, herufi kubwa: SKETI, FUNDI. Yule mlinzi wa getini ameshonewa koti. Na Ndevu Nyekundu tunaitazama mwanzo mpaka mwisho, rimoti nashika mimi.

Haya, zamu yenu. Najua mna majina ya ajabu mnayoyaficha, na najua kuna filamu iliyowahi kukufanya ufanye kituko mbele ya kioo ukadhani uko peke yako. Shuka hapo chini uandike. Ukiona aibu, kumbuka kuna mtu alikamatwa na sketi ya mtoto wa shule, na leo mnamlipa awashonee.